Kabla hujairiseti simu ya mama, muulize akaunti ni ya nani

Mama yangu mdogo anauza dagaa Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza. Biashara yake yote iko kwenye simu: wenye mitumbwi wa Ukerewe wanaompigia alfajiri, wateja wa jumla wa Dodoma na Tunduma, dereva wa fuso, mabinti wanaomsaidia kuanika. Mwaka juzi niliiriseti, yaani niliifuta simu hiyo yote, kwa vidole viwili, nikiamini namsaidia. Sitaki yakukute.

Alikuja nyumbani Jumamosi jioni, khanga bado inanuka dagaa. "Mwanangu, simu imeganda tangu asubuhi. Watu wananitafuta hawanipati." Kweli kioo kilikuwa hakisikii kidole kabisa. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha kuongeza sauti mpaka ikaja ile menyu nyeusi yenye maandishi madogo, nikashuka hadi mstari wa kufuta data zote, nikakubali. Sikumuuliza hata swali moja.

Simu ikawaka, nyepesi kama mpya. Nikachagua lugha, nikaunga intaneti, halafu ikataka akaunti ya Google iliyokuwemo kabla ya kufutwa.

"Mama mdogo, barua pepe yako ni ipi?"

"Barua pepe? Kijana wa dukani ndiye aliyeniwekea kila kitu siku nanunua. Mimi namba ya siri ninayoijua ni ya kutolea hela tu."

Hapo ndipo nilipotokwa jasho. Kufuli lile limewekwa makusudi kwa ajili ya wezi. Kwenye Android lilianza na toleo la 5.1 mwaka 2015, na iPhone walikuwa na la kwao tangu 2013. Ukiiriseti simu kwa vitufe vya nje, yenyewe haiwezi kujua kama wewe ni mpwa mwema au ni kibaka wa stendi, kwa hiyo inadai akaunti ya mwenyewe. Ukipitia ndani, kwenye Mipangilio, ukiwa umeifungua kwa namba yako, simu nyingi hukuachia bila mgogoro. Mimi nilipitia mlango wa nje.

Siku tatu mama mdogo alifanya kazi kwa simu ya kuazima, akikumbuka namba tatu tu kichwani. Kijana wa dukani alishaacha kazi. Tulipompata Buzuruga, akatuuliza jambo moja: "Boksi la simu mnalo?" Lilikuwa chini ya kitanda, limejaa risiti za ushuru na sindano. Ndani ya kifuniko, kwa kalamu ya bluu, palikuwa na barua pepe na neno la siri. Nilisoma herufi moja moja kwa sauti huku mama mdogo ameshika taa. Simu ikafunguka, na kwa kuwa namba zilikuwa zinahifadhiwa kwenye akaunti ileile, majina yakaanza kurudi. Mazungumzo ya WhatsApp, yenye oda na picha za risiti za benki, hayakurudi. Hakuna aliyewahi kuwasha nakala rudufu.

Kilichoniuma zaidi kilikuja wiki chache baadaye. Simu iliganda tena. Safari hii niliipeleka kwa fundi mmoja Makoroboi. Akabana kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti kwa pamoja, akahesabu taratibu, ikatetemeka, ikawaka na kila kitu kikiwa mahali pake. Kisha akafungua sehemu ya hifadhi akanionyesha: imejaa hadi pomoni, video za vikundi vya WhatsApp. "Hii haiumwi," akasema, "imeshiba." Tukafuta video, ikapona. Ile riseti ya kwanza haikuhitajika kabisa.

Kwa hiyo simu ikiganda, anza na kuizima na kuiwasha kwa nguvu. Android nyingi ni vitufe hivyo viwili kwa sekunde 10 hadi 20, nyingine ni cha kuwashia peke yake. iPhone za kuanzia namba 8, bonyeza na kuachia cha kuongeza sauti, kisha cha kupunguza, halafu shikilia cha pembeni mpaka uone alama ya tofaa. Hakuna kinachofutika. Ikiwaka, angalia nafasi iliyobaki. Kama ina nafasi na bado inasumbua, iwashe katika hali salama: kwenye Android nyingi unashikilia kidole juu ya neno la kuzima linapotokea kwenye kioo. Humo programu ulizopakua mwenyewe hazifanyi kazi, na simu ikitulia ujue mmoja wa wageni hao ndiye mkorofi. Mtoe yeye, usivunje nyumba.

Ukifika mahali pa kuiriseti kweli, usianze kabla hujaiona barua pepe ya akaunti kwa macho yako, ndani ya Mipangilio, na kuhakikisha neno la siri linakubali. Ukilibadilisha kwa sababu umelisahau, subiri saa 24 ndipo uriseti. Fungua majina ya simu utazame yamehifadhiwa wapi, maana yaliyo kwenye simu yenyewe yatapotea, ya kwenye laini na ya kwenye akaunti yatabaki. Kwa WhatsApp, ingia mipangilio yake, fanya nakala rudufu, na usiondoke mpaka uone tarehe ya leo. Kadi ya kumbukumbu ichomoe. Chaji iwe zaidi ya nusu, umeme wetu mnaujua.

Pesa ya kwenye simu haifutiki. Salio liko kwa kampuni ya simu, limefungwa kwenye laini, si kwenye kioo. Mama mdogo usiku ule aliniuliza kwa sauti ndogo kama hela ya mtaji imeondoka, nami sikuwa na jibu la uhakika, nikamwacha alale na wasiwasi huo. Ukimfanyia mtu kazi hii, mwambie hilo mapema. Na laini itoe kabla ya kumkabidhi fundi simu. Namba ya siri ya pesa hakuna fundi anayeihitaji.

Unayeuza simu au kumpa mdogo wako wa Sengerema, ondoa kwanza akaunti ya Google, au kwa iPhone zima huduma ya kuitafuta simu, halafu ufute kupitia Mipangilio. Unayenunua iliyokwisha kutumika, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako mpaka ifike kwenye ukurasa wa mwanzo. Ikikwama kwenye kuulizwa akaunti asiyoijua, mrudishie. Bonyeza pia *#06# zitokee namba za utambulisho wa simu (IMEI), uzilinganishe na zile za kwenye boksi, kwa sababu namba hizo hazibadiliki kwa riseti.

Boksi la mama mdogo bado liko chini ya kitanda. Neno la siri tulilibadilisha, analijua yeye, na barua pepe tumeiandika kwenye jalada la daftari lake la madeni, ambalo haliachi hata akienda msibani.