Kabla ya Kuchagua Modeli ya Mto, Soma Daftari la Kina

Wahandisi vijana wanaoanza kukadiria mtiririko wa mito hapa Moshi huniuliza kwanza watumie programu gani, nami huwaelekeza kwenye daftari la kina cha maji. Ukikuta mita 0.62 imeandikwa kila asubuhi kwa wiki tatu za Aprili, masika yakiwa yamekolea, ujue msoma kipimio hakushuka mtoni, na kipindi hicho ukiondoe bila huruma. Kisha ulizia mlinganyo unaogeuza kina kuwa mtiririko: vipimo vyake vilichukuliwa lini, na mto ukiwa na kina gani? Mara nyingi vilichukuliwa kiangazi tu, maana mafuriko yakija hakuna anayethubutu kuingia majini. Kwa hiyo takwimu za mafuriko huwa makisio tu, hata zikiandikwa kwa desimali mbili.

Mvua nayo ina mitego yake. Kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro huongezeka kadiri unavyopanda hadi kwenye msitu, karibu mita 2,200, kisha hupungua, hivyo kituo cha mjini hakiwezi kuusemea mlima. Takwimu za CHIRPS, yaani makadirio ya mvua yatokanayo na setilaiti, zinazoanzia mwaka 1981, husaidia sana, lakini zilinganishe kwanza na vituo vichache vilivyopo huko juu.

Kwa modeli yenyewe, mimi hupendelea GR4J, modeli inayogeuza mvua kuwa mtiririko wa mto, ambayo ina vigezo vinne tu vya kurekebisha na huhitaji takwimu za mvua na uvukizaji wa kila siku. Kigezo kimojawapo huruhusu kidakio, yaani eneo lote linaloleta maji mtoni, kupokea au kupoteza maji ya ardhini kupitia mipaka yake, jambo lenye uzito hapa kwetu, kwani chemchemi za tambarare kama Chemka hulishwa na maji yaliyozama mbali, kwenye miamba ya volkano. Hata hivyo, kigezo hicho kisitumike kuficha maji yanayochepushwa na mifongo, ile mifereji ya jadi ya Wachaga. Nenda ukaonane na wazee wa mfongo, uwaulize zamu zao na miezi wanayofungua maji, ndipo urekebishe modeli.

Kipimo cha Nash na Sutcliffe cha mwaka 1970, kinachoonyesha modeli inakaribiana kiasi gani na mtiririko uliopimwa, huyapa mafuriko uzito mkubwa, ilhali vibali vya kutumia maji hugombaniwa kiangazi. Basi kikokotoe pia kwa logariti za mtiririko, ili maji machache ya kiangazi nayo yapate uzito, na makadirio ya Septemba uyatoe kwa kiwango cha chini na cha juu, kamwe si kwa namba moja.