Chuo, wakala na mwenye programu: jibu kwa aliyeuliza kama waachane na mfumo

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili kabla ya kuandika. Umesema chuo chenu cha umma kilinunua mfumo mkubwa kutoka nje wa kusimamia wanafunzi, ada na matokeo. Mkataba mmoja mmesaini na kampuni yenye programu, mwingine na wakala wa hapa nchini aliyekuja kuusimika. Huu ni mwaka wa pili na matokeo bado yanatoka na kasoro. Mwenye programu anasema wakala kasanidi vibaya, wakala anasema data zenu ni chafu, na uongozi unakuuliza wewe wa TEHAMA kama muachane nao mjijengee wa kwenu. Nitakujibu kwa niliyoyapitia. Nilikaa miaka tisa kwenye TEHAMA ya chuo cha umma, nikafanya kazi miaka mitatu kwa wakala wa mifumo, kisha nikarudi chuoni. Majina ya kampuni wala vyuo sitayataja.

Msimamo wangu ni kwamba msiachane nao kwa sasa. Kwanza tafuteni nani pale chuoni anazijua kanuni zenu za mitihani kiasi cha kuziandika kwa mifano, moja baada ya nyingine, mtu wa mbali akazielewa bila kupiga simu. Kama mtu huyo hayupo, au yupo lakini hajaachiwa nafasi, hata mfumo mtakaojenga kwa mikono yenu utakwama palepale.

Nikueleze kilichotukuta. Kanuni zetu zinasema GPA, yaani wastani wa alama za mwanafunzi, inahesabiwa hadi desimali moja na tarakimu zinazofuata zinakatwa, hakuna kukadiria. Mwenye 4.38 anabaki na 4.3, yaani daraja la pili la juu, kwa sababu daraja la kwanza linaanzia 4.4. Mwaka wa kwanza wa mfumo mpya, jioni ya kuamkia kikao cha bodi ya mitihani, amidi mmoja, yaani mkuu wa kitivo, alinipigia simu. Alikuwa na orodha mbili mezani: ya mfumo, na nyingine aliyoitengeneza mwenyewe kwa Excel kama alivyozoea miaka yote. Kwenye orodha yake wanafunzi wa daraja la kwanza walikuwa 12. Kwenye ya mfumo walikuwa 31.

Nilifika ofisini kwake saa mbili usiku tukaanza kupitia jina kwa jina. Jina la tatu tu likatuonyesha: 4.36 imegeuka 4.4. Tukaendelea hadi mwisho kwa kujiridhisha, na wote 19 waliozidi walikuwa kati ya 4.35 na 4.39. Fikiria kama amidi yule angekuwa mtu wa kuamini kilichochapishwa. Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni, ingepitisha, vijana wangepewa vyeti, na baada ya miaka miwili mtu angeanza kuwanyang'anya.

Kesho yake bodi iliamua kutumia orodha ya amidi. Siku hiyohiyo nikampigia wakala, akasema ndivyo programu ilivyo na kwamba atafungua tiketi, yaani ombi la kurekebishiwa, kwa wenye nayo. Jibu lilirudi siku ya nne: programu inafanya kazi kama ilivyoombwa. Nilikasirika sana. Kisha nikatoa kabatini ile hati ya mahitaji tuliyosaini kabla ya kazi kuanza. Sehemu ya GPA ilikuwa na mstari mmoja: "GPA ionyeshwe kwa desimali moja." Hakuna aliyeandika kwamba zinazobaki zikatwe. Kwenye kamati ile nilikuwemo, na sahihi yangu iko chini ya ukurasa.

Nilipohamia kwa wakala ndipo nilipoona jambo hili linavyotokea, na naomba hapa univumilie kwa sababu ndiko shida nyingi zinakozaliwa. Mshauri anapewa siku tatu za kikao cha kukusanya mahitaji. Ma-amidi wana vipindi, wanatuma wasaidizi. Akiuliza GPA inahesabiwaje, anajibiwa "kama kawaida", na mtu wa pembeni anaongeza "desimali moja". Anaandika alichosikia. Wakala naye analipwa kwa hatua: hati ikisainiwa analipwa, mafunzo yakiisha analipwa, mfumo ukiwashwa analipwa fungu kubwa. Kwa kasoro itakayojitokeza mwaka wa pili, bodi ya mitihani ikikutana, hakuna fungu lililotengwa. Mimi mwenyewe, baada ya kuzijua kanuni za chuo kimoja hadi usingizini, nilihamishiwa kwa mteja mwingine wiki mbili tu baada ya mfumo kuwashwa. Aliyenirithi alikabidhiwa faili na neno la siri.

Mwenye programu naye yuko mbali zaidi. Kwake anayezungumza naye ni wakala. Malalamiko ya chuo yanamfikia yakiwa mistari miwili, hayana mfano, hayana namba, yamepita kwa watu watatu. Mhandisi aliye nchi nyingine anasoma "GPA inakosewa", anafungua programu, anakuta inakadiria sawasawa kihesabu, anafunga tiketi. Kwa alichopewa, hajakosea.

Chuoni kwetu, kilichotutoa pale ni mama mmoja wa ofisi ya mitihani, mwenye miaka 22 kazini. Kila Jumatano mchana, kwa miezi miwili, alikaa na mimi tukatunga wanafunzi 40 wasiokuwepo. Tuliwapa majina ya miti ili yasichanganyike na ya watu. Mwembe ana 4.38. Mkorosho ana sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, moja amefaulu na nyingine ameikosa kwa kuugua. Mpera amehamia kutoka chuo kingine na baadhi ya masomo yake yamehamishwa. Mnazi alidisko, yaani aliondolewa chuoni kwa kufeli, akakata rufaa, akashinda. Mbuyu aliahirisha mwaka, na aliporudi alikuta mtaala umebadilika na somo moja la lazima limefutwa. Huyo peke yake alituchukua Jumatano mbili. Kwa kila mmoja tuliandika alama zake ghafi na jibu linalotakiwa kutoka, tumelihesabu kwa mkono, na Naibu Makamu Mkuu wa Chuo upande wa taaluma akaweka sahihi yake.

Orodha ile ilitusaidia na jambo tulilokuwa tumelizembea. Zamani wakala akisema anahitaji data za kufanyia majaribio, tulikuwa tunamtumia nakala nzima ya kanzidata, na majina, namba za simu na madeni ya ada humo humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kutuma vile leo ni kujitafutia balaa. Mwembe na wenzake wanaweza kwenda popote.

Baada ya hapo tuliomba, na tulipohuisha mkataba tukalazimisha, kikao cha simu cha pande tatu kila wiki mbili. Awali chuo kilikuwa kinakutana na wakala, na wakala kwa wakati wake anakutana na mwenye programu. Sasa wote tuko kwenye simu moja, na daftari la tiketi ni la chuo. Wao wawili wanaandika humo. Kwenye kikao cha kwanza nilimfungulia mhandisi wao ukurasa wa Mwembe: alama hizi, jibu 4.3, mfumo unatoa 4.4. Alinyamaza kidogo, akasema kipengele cha kukata desimali kipo, kiliwekwa kwa ajili ya wateja wa nchi nyingine, kimezimwa tu. Kiliwashwa siku ileile. Karibu mwaka mzima sisi tulikuwa na kanuni, yeye alikuwa na kipengele, wakala alikuwa na mikono ya kukiwasha, na hatukuwahi kuzungumza sote watatu kwa pamoja.

Sasa hili la kujenga wenyewe. Sikukatazi, ila angalia waliotangulia. Chuo Kikuu cha Indiana kule Marekani kilikuwa na mfumo wake wa fedha uliokomaa, na bado mwaka 2004 kiliamua kuungana na wenzake kuugeuza kuwa Kuali, mali ya vyuo kwa pamoja. Mwaka huohuo kilikuwa na Michigan, MIT na Stanford kwenye Sakai, mfumo wa kufundishia. Vyuo vyenye uwezo ule havikutaka kubeba mzigo kila kimoja kivyake. Na mwaka 2014 Kuali nayo ikatangaza kuanzisha kampuni ya kibiashara ya kuendeleza programu zile. Msimbo mkiumiliki, bado kuna mtu lazima alipwe kila mwezi kuutunza, na sisi tunajua vijana wazuri wa TEHAMA wanakaa vyuoni muda gani kabla benki hazijawachukua.

Hata mkibaki na programu ya kununua, msibaki peke yenu. Juni 2003 Oracle, kampuni kubwa ya programu ya Marekani, ilitangaza kutaka kuinunua kampuni nyingine ya programu, PeopleSoft, PeopleSoft yenyewe haitaki. Vyuo vingi vilikuwa vimeweka kumbukumbu za wanafunzi wao kwenye programu za PeopleSoft, na mwanzoni Oracle ilisema haitaendelea kuziuza kwa wateja wapya. Biashara ilikamilika Januari 2005 kwa takriban dola bilioni 10.3. Vyuo vile vilikuwa na umoja wao wa watumiaji, HEUG, na uko hadi leo. Kila mwaka wanakutana na Oracle pamoja na mawakala wake wakiwa na hoja za pamoja. Mwaka 2006 Oracle ikatangaza mpango wa kuendelea kuziendeleza programu hizo. Sisemi vyuo peke yake ndivyo vilivyoleta uamuzi huo. Nasema siku mwenye programu anapobadilika, chuo kilicho peke yake ni mteja mmoja mdogo tu.

Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, mnayo, bila shaka. Ile Martin Dougiamas aliitoa mwaka 2002 akiwa Australia, na ina utaratibu ambao natamani kila mwenye programu auige. Mawakala wake wanaotambuliwa wanachangia sehemu ya mapato yao kwa watengenezaji, na daftari la hitilafu liko wazi. Mhadhiri wa Dodoma anaweza kusoma tatizo lake limefikia wapi na kulipigia kura. Kwa programu ya leseni hamtapata uwazi wote huo, lakini ruhusa ya kuingia na kusoma tiketi zenu wenyewe kwa mwenye programu iombeni, na msikubali kuambiwa ni mambo ya ndani. Hapa kwetu, chuo chetu kiliwatafuta wengine wawili wanaotumia programu ileile, tukawapa orodha ya miti, nao wakaongeza ya kwao.

Wakala wenu msimdharau, nawe usikubali uongozi umwone mwizi. Kuna kazi ambayo hakuna mhandisi wa ng'ambo atakayeiweza: kuunganisha mfumo na GePG, mfumo wa serikali wa kupokea malipo, ili mwanafunzi apate kumbukumbu namba ya kulipia, kupokea orodha za Bodi ya Mikopo, kupeleka taarifa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Nimemwona binti amesimama dirisha la uhasibu na ujumbe wa malipo kwenye simu, mfumo unamzuia kufanya mtihani kwa sababu ankara yake ilitengenezwa upya usiku na malipo yakabaki kwenye namba ya zamani. Aliyelitatua ni kijana wa wakala, Jumamosi, kwa kuwa alikuwa anaijua GePG na alikuwa anatujua sisi. Kazi ya namna hiyo ilipwe vizuri, iandikwe kwenye mkataba, na jina la mshauri liandikwe pia, asihamishwe kabla hamjamaliza mizunguko miwili kamili ya matokeo. Sehemu ya malipo ya mwisho ishikiliwe hadi hapo.

Kwenye fedha nina moja tu. Ankara ya nje inabeba kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo yenyewe, ya asilimia 15. Someni kama bei ya mkataba ni kabla au baada ya kodi hiyo, maana sisi tuligundua tumeahidi kuilipa juu ya bei, na bajeti haikuwa nayo. Mkiwa kwenye vipengele hivyo, hakikisheni pia siku mkiondoka mtapewa data zote katika muundo unaosomeka, pamoja na maelezo ya kila jedwali.

Kwa wiki hii, mkuu, mtafute yule mtu wa mitihani, umwombee kwa bosi wake mchana mmoja kwa wiki. Muanze na wanafunzi kumi tu, wale waliowasumbua muhula uliopita.

Toleo jipya la mwisho lilipokuja, wakala aliwapitisha miti wote 40 kwenye seva ya majaribio kabla hata ya kutupigia simu. Thelathini na tisa walitoka sawa. Mbuyu alitoka amefeli somo ambalo halipo tena kwenye mtaala wake, na mwenye programu alikuwa ameshatumiwa ukurasa wake saa hiyohiyo. Toleo halikuwashwa. Siku ya sita likaja limerekebishwa, Mbuyu akatoka sawa, mama wa mitihani akaweka tiki, tukawasha. Ukihitaji orodha yetu ya kuanzia, niandikie nikutumie. Kanuni mtabadilisha ziwe zenu.