Disney Springs: jioni moja yatosha
Kwa kuwa umeuliza iwapo familia yako itenge siku nzima kwa ajili ya Disney Springs, eneo la maduka na mikahawa la Disney huko Florida, Marekani, ushauri wangu ni kwamba muitengee jioni ya siku mtakayowasili, kwa sababu kuingia hakuhitaji tiketi na maegesho ni ya bure, ilhali kulipia bustani ya burudani kwa saa chache tu ni hasara. Watoto watalifurahia mno joka la matofali ya kuchezea ya Lego linalochomoza ziwani karibu na duka la Lego. Chakula, hata hivyo, ni ghali, na mikahawa inayopendwa huhitaji kuwekewa nafasi mapema. Nisingependa wanao walale njaa baada ya safari ndefu. Ikiwa mna siku mbili tu, iacheni.