Ile "ka" yetu huenda wapi tukiandika Kiingereza?

Barua pepe yangu ilikuwa na mstari mmoja tu wa maana: "The guests do not eat fish and eggs." Nilikuwa mgeni kazini katika kampuni ya utalii jijini Arusha, na kazi yangu ilikuwa kuwaandikia watu wa kambi na hoteli mahitaji ya wageni kabla hawajafika. Mpishi mkuu wa kambi ile, Mwingereza, akanijibu kwa swali: hawali samaki na mayai vikiwa pamoja, au hawali samaki na mayai pia hawali?

Kichwani mwangu nilikuwa nimesema "hawali samaki wala mayai", na hapo hakuna utata. Tatizo ni kwamba "wala" yangu niliigeuza kuwa "and". Mwingereza, akishakanusha kitenzi, huendelea na "or": "They don't eat fish or eggs." Wageni wale walikula salama kwa sababu mpishi alijali kuuliza. Tangu siku hiyo sijawahi kuviona viunganishi kuwa vitu vidogo.

Sekondari tulikariri saba: for, and, nor, but, or, yet, so. Herufi zao za mwanzo zinaunda neno FANBOYS, na mwanafunzi akilishika hilo hawezi kuvisahau. Orodha ni sahihi. Ila hakuna aliyetuambia kwamba katika mazungumzo ya kila siku kazi karibu yote hufanywa na vinne: and, but, or, so. "For" yenye maana ya "kwa maana" ni ya vitabuni na hotubani. "Yet" utaisikia sana, lakini mara nyingi ikiwa na maana ya "bado", kama katika "He hasn't come yet". Na "nor" hupindua mpangilio wa maneno, "She didn't call, nor did she write", kwa hiyo wenyewe wakiongea husema tu "She didn't call and she didn't write either". Kama unaanza, shika hivyo vinne kwanza. Vingine vitakuja kwa kusoma.

Sasa nije kwenye jambo lililonichukua miaka kulielewa. Gari letu liliwahi kuharibika karibu na Karatu, nami nikaandika taarifa: "The car broke down near Karatu, we waited two hours, we called another car, it came." Kila kishazi pale ni sahihi kikisimama peke yake, ila vimepangwa kama matofali yasiyo na udongo. Msimamizi wangu alisema inasomeka kama watu wanne wanaopokezana kusema. Sikumwelewa, kwa sababu masikioni mwangu ilikuwa imeungana vizuri kabisa. Nilikuwa naisikia hivi: gari liliharibika, tukasubiri saa mbili, tukaita jingine, likaja.

Kiunganishi changu kilikuwa kile "ka" kilichomo ndani ya kitenzi. Kiswahili hakihitaji neno la pembeni kuunganisha matukio yanayofuatana, kwa kuwa kitenzi chenyewe kinatosha. Kiingereza hakina "ka". Ukitafsiri kitenzi na kuiacha "ka" nyuma, umeiacha "and" nyuma. Tazama Mwanzo 1:3 katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611: "And God said, Let there be light: and there was light." Kisha tazama katika Union Version yetu: "Mungu akasema, Iwe nuru; ikawa nuru." Kiingereza kina "and" mbili, Kiswahili hakina "na" hata moja. Zote mbili zimo ndani ya "akasema" na "ikawa".

Kuna na upande wa pili, na huu ndio unaowaangusha wengi ninaosahihisha maandishi yao. Chukua "Aliingia, akakaa." Kitenzi cha pili kimerudia mtenda, "a-", lakini hakikurudia "-li-" ya wakati uliopita. Kiingereza hufanya kinyume chake: "She came in and sat down." Mtenda harudiwi, ila wakati unarudiwa, "came" na tena "sat". Na ukisema "aliingia na kukaa", kitenzi cha pili kimepoteza mtenda na wakati pia. Ndiyo maana mtu mwenye akili timamu na cheti kizuri anaandika "She came in and sit down". Amefuata sarufi ya lugha yake kwa uaminifu mkubwa. Dawa yake ni swali moja baada ya kila "and": kitenzi hiki kilitokea lini? Kama ni jana, kivishwe jana.

Usije sasa ukaweka "and" kila palipo na "ka", maana "ka" hubeba zaidi ya mfuatano. "Mvua ilinyesha, tukarudi" ina sababu na matokeo ndani yake, na Kiingereza hutaka "so": "It rained, so we turned back." Kisha kuna pale ambapo Kiswahili hakiweki chochote. "Nilimpigia simu, hakupokea." Msikilizaji wetu anaisikia "lakini" bila kuambiwa. Kwa Kiingereza itamke: "I called him, but he didn't answer." Mimi naona hili ndilo zoezi zuri kuliko kukariri orodha: sema jambo lako kwa Kiswahili, kisha ujiulize kishazi cha pili kinakifanyia nini cha kwanza. Kama kinakifuata, ni "and". Kama kinakipinga, ni "but". Kama kimezaliwa nacho, ni "so".

Kuna kosa jingine ambalo nililifanya kwa miaka bila mtu kuniambia: "Although it was raining, but we went." Kwetu ni sawa kabisa kusema "Ingawa mvua ilikuwa inanyesha, lakini tulikwenda." Kwa Kiingereza "although" imeshakifanya kishazi chake kuwa tegemezi, ilhali "but" huunganisha vishazi viwili vilivyo sawa. Chagua moja. Hali ni hiyohiyo kwa "because" na "so": moja ikiingia, nyingine ikae nje.

Kuhusu koma sina mengi. Pande zote mbili zikiwa na mtenda wake, weka koma kabla ya kiunganishi: "The driver was tired, so he stopped in Mto wa Mbu." Mtenda akiwa mmoja, koma haihitajiki: "The driver stopped and slept." Sentensi zikiwa fupi sana, waandishi wazuri nao huiacha. Na lile katazo la shuleni kwamba sentensi isianze na "And" au "But" liwekeeni mipaka. Kwenye mtihani mtii mwalimu. Kwenye barua ya kawaida andika "But the road was closed" bila hofu, wenye lugha wanaandika hivyo kila siku, na ule mstari wa mwaka 1611 umeanza na "And".

Kuna kitu kimoja ambacho bado kinanifurahisha kila nikiwafundisha madereva na waongozaji wapya. Huwa wanaogopa kusema "Go and ask him", wanadhani "and" hapo imekosewa, kwa sababu kwenda na kuuliza ni jambo moja. Nawaambia waiseme kwa Kiswahili. "Nenda kamuulize." Wanaisema, wananitazama, kisha mmoja anasema: "Ka hiyo hapo." Tunaendelea na "Come and eat", ambayo kwetu ni "Njoo ule", bila "ka" wala "na", halafu "Hurry up or the gate will close", ambayo "or" yake ni "la sivyo". Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea taarifa ya safari yake ya kwanza ya Tarangire. Alikuwa ameiandika kwanza kwa Kiswahili, akazungushia kila "ka" kwa kalamu ya risasi, na kando ya kila duara ameandika neno moja la Kiingereza: and, and, so, and. Penye nafasi tupu baada ya "hatukumwona simba" alikuwa ameandika but, akaipigia mstari chini mara mbili.