Kaa hatembei mrama

Swali lilikuwa: kwa kuwa "mrama" ni kwenda kwa upande, je, naweza kusema kaa anatembea mrama? Hapana. Kaa anakwenda upande, tena kwa njia moja iliyonyooka mpaka mlangoni mwa shimo lake. Mrama ni mwendo wa chombo baharini kinacholalia ubavu huu, kikainuka, kikalalia wa pili, na hakitulii.

Sisi wa Bagamoyo tuna mfano mbele ya macho. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini mashariki, mashua ikitoka hapa kwenda Unguja inaelekea kaskazini mashariki, kwa hiyo mawimbi yanaipiga ubavu wa kulia. Maadamu tanga limejaa, mashua inalalia upande wa demani, yaani ule usioelekea upepo, na kubaki hapo. Huko ni kulala tu, si mrama. Upepo ukikatika ghafla na mawimbi yangalipo, tanga linapwaya, foromali, mti unaoshika tanga, inagonga huku na huku, maji ya ngamani, chini kabisa ya chombo, yanakimbia kutoka ubavu hadi ubavu. Sasa ndiyo chombo kinakwenda mrama. Farumi, uzito unaowekwa chini ili chombo kitulie, ikiwa haba, au mzigo ukirundikwa juu, ni hatari zaidi: kinalala sana na kuchelewa kuinuka. (Ngalawa ina nafuu, matengo, miti yake ya ubavuni, yanaishika pande zote mbili.)

Hapo ndipo ulipotoka msemo "mambo yamekwenda mrama". Angalia basi: chombo kinachokwenda mrama hakijazama, na nahodha bado ana la kufanya. Biashara iliyoyumba imekwenda mrama. Iliyokwisha kufungwa imefilisika, iite hivyo. Najua magazeti huchanganya, lakini tofauti hii inafaa kulindwa.

Kisarufi "mrama" ni kielezi, na mwenziwe ni kitenzi -enda: "mambo yalimwendea mrama". Hakina wingi, kwa hiyo vyombo kumi navyo vinakwenda mrama, si "mirama". "Mambo ni mrama" haisemeki.

Ukuta uliopinda uko kombo. Mstari wa kutoka pembe hadi pembe ni mshazari. Vyote hivyo vimetulia, mrama hautulii. Ndiyo maana mlevi anayepepesuka njiani, mara ukutani, mara mtaroni, unaweza kusema anakwenda mrama na hujakosea.