Fundi ajibu: lebo ya Kampala, flashi ya Malindi

Tangu nitaje Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki wa elektroniki ya Kampala inayotoa pia singeli, ule muziki wa kasi wa Dar es Salaam, na ambayo kazi zake unaweza kuzinunua na kuzipakua mwenyewe kupitia Bandcamp, mtandao wa kuuzia muziki, maswali hayajakatika. Wapo pia waliolalamikia jina la lebo. Ukiwa nyumbani kwa wakwe, iite “ile lebo ya Kampala” na mambo yaishe. Nimechagua machache ya kujibu.

Fundi, singeli imejaa YouTube bure. Kwa nini nitoe dola? (Kijana wa Maweni)

Hiyo bure yako inakula bando. Wimbo ukiurudia kutwa nzima, kila mara unaulipia, na anayelipwa ni kampuni ya simu. Ukishaupakua, unaupiga hata mtandao ukiwa umelala, na hapa Malindi sina haja ya kukueleza unavyolala.

Lakini hoja yangu kubwa ni mtu aliyeutengeneza. Lebo hii ndiyo iliyotoa mkusanyiko wa singeli za studio ya Sisso ya Dar es Salaam mwaka 2017, wakati ambapo nje ya Tanzania waliojua singeli ni wachache. Msanii wa aina hiyo hana wasikilizaji mamilioni wa kumlisha kwa vijisenti vya kusikilizwa mtandaoni. Spotify, kwa mfano, tangu 2024 hailipi chochote kwa rekodi ambayo haijafikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya mwaka. Sasa linganisha: albamu ya dola 10 ikinunuliwa Bandcamp, mtandao hukata asilimia 15, yaani dola 1.50, anayepitisha malipo naye hukata chake kidogo, na kinachobaki kinaenda kwa lebo, wagawane na msanii kwa mkataba wao. Mnunuzi mmoja wa aina hiyo namthamini kuliko mashabiki mia wa kubofya.

Ukitaka pesa yako ifike nzima zaidi, subiri zile Ijumaa ambazo Bandcamp huacha fungu lake. Zilianza tarehe 20 Machi 2020, corona ilipofunga kumbi. Saa zake hufuata pwani ya magharibi ya Marekani, kwa hiyo kwetu zinaanza Ijumaa saa nne au saa tano asubuhi kutegemea majira yao. Nunua mapema, kisha uende msikitini.

Napiga muziki harusini. Wakati wa kupakua naulizwa MP3, FLAC, WAV na mengine siyajui. Nichukue ipi? (Deejay wa Majengo)

Kaka, hili nalipenda, tulia kidogo.

WAV ndiyo sauti kamili, haijapunguzwa kitu. Kwa kiwango cha CD inakula kama megabaiti 10 kwa dakika. FLAC ni sauti ileile iliyofungashwa vizuri, hupungua mpaka karibu nusu, na ukiifungua hupotezi hata punje. MP3 ya 320, yaani kilobiti 320 kwa sekunde, ni megabaiti 2.4 kwa dakika, na hapo kuna vilivyotupwa, hasa vile ambavyo sikio halivishiki kwa urahisi. Wimbo wa dakika nne basi ni kama megabaiti 10 kwa MP3, na zaidi ya 40 kwa WAV.

Kwenye spika za harusi, uwanjani, watoto wakipiga kelele na akina mama wakipiga vigelegele, 320 na WAV hutazitofautisha, na anayekuambia anazitofautisha anajigamba. Tofauti inajitokeza unapochezea kasi. Singeli inakwenda mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika. Wewe unataka kuishusha iingiliane na chakacha, umewasha “key lock”, kile kitufe cha kuzuia sauti isizame kasi ikishuka. Pale mashine inalazimika kuivuta sauti, na faili dhaifu huanza kuchanika: vigelegele vya kinanda vinakuwa kama maji yanayochemka, makofi yanatoa mchanga. Faili kamili huvumilia zaidi.

Kwa hiyo: pakua FLAC uiweke nyumbani kwenye diski, halafu mwenyewe itoe WAV au MP3 ya 320 ya kupeleka kazini. Mashine nyingi za zamani hazisomi FLAC kabisa, na nyingine hukataa flashi mpaka uifomati kwa FAT32. Jaribu kabla ya bi harusi kuingia, si baada.

Na jihadhari na “320” za kuchomolewa YouTube. Mtu anachukua sauti iliyokwisha kupunguzwa, anaiandika upya kwa 320, faili linanenepa na sauti haiongezeki kitu. Kuna programu ya bure inaitwa Spek, inakuchorea wimbo wote kwa rangi. MP3 ya 320 halali kwa kawaida huonyesha rangi mpaka karibu kilohezi 20, kule juu kwenye sauti nyembamba kabisa. Ukiona zimekatwa mstari mnyoofu kwenye 16 hivi, kama mtu kapitisha msumeno, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sina kadi ya benki. Nitalipaje? (Dada wa Watamu)

M-PESA GlobalPay, dada yangu. Ni kadi ya Visa isiyoshikika, unaifungua kwenye programu ya M-PESA au kwa *334#. Namba ya usalama hubadilika, itoe palepale unapolipa. Bei ni ya dola, na ubadilishaji wa fedha una makato yake, kwa hiyo acha salio lizidi kidogo.

Mwanangu ana kibanda cha kujazia watu nyimbo kwenye memori kadi. Akinunua hizo mara moja, si anaweza kuwauzia wateja? (Bi wa Shella)

Shikamoo Bi. Hawezi. Alichonunua ni nakala ya kusikiliza yeye. Haki ya kunakili na kuuza imebaki kwa mwenye kazi, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamlinda hata akiwa Kampala au Dar. Na hoteli inayopiga nyimbo hizo kwa wageni inahitaji leseni ya kupiga muziki hadharani, hata kama faili limenunuliwa kihalali.

Mwambie auze huduma, Bi. Wateja wengi hawajui kulipia wala kupakua. Awafungulie akaunti zao, awapakulie kwa mtandao wake, awapangie kwenye kadi, achukue ada ya kazi yake.

Nikinunua leo na kampuni ikafungwa kesho? (Msomaji wa Barani)

Faili liko kwako, halifungwi. Simu ikipotea unaingia tena kwenye akaunti na kupakua upya, ila usiutegemee mtandao uwe kabati lako. Bandcamp yenyewe iliuzwa kwa Epic Games 2022, kisha kwa Songtradr 2023. Weka nakala mbili, sehemu mbili.

Nimerekodi ngoma ya gonda kule Kakuyuni, nimeichanganya na midundo ya kompyuta. Naweza kuwa lebo? (Prodyuza, Ngala)

Unaweza, mdogo wangu, na akaunti ya msanii hufunguliwa bila malipo. Kazi iko kabla ya hapo. Andika karatasi: nani alipiga ngoma ipi, nani aliimba, kila mmoja anapata fungu gani, watie sahihi au dole gumba. Ngoma ikiwa ni ya jamii, Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, inayotaka ridhaa ya wenyewe. Wazee kaa nao kabla hujatoa kitu, usiwape habari kwa WhatsApp wimbo ukiwa tayari sokoni. Kisha sajili kazi yako kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO.

Kwenye kupakia, Bandcamp inataka faili kamili, WAV, AIFF au FLAC, MP3 hutapitisha. Jina la kila mpigaji liandike kwenye maelezo ya wimbo, si “ngoma za kienyeji”. Na unapomalizia sauti usiisukume mpaka dari: acha desibeli moja, kwa sababu ikigeuzwa MP3 vilele vya sauti hupanda, na ngoma ya gonda ikianza kukwaruza, wazee wataisikia kabla yako.