Pima kila asubuhi, hukumu Jumapili

Kuna ujumbe ambao wasomaji hawachoki kuutuma, na karibu kila mara unakuja hivi: "Ijumaa nilikuwa 82.3. Jumamosi tukaenda harusini, Jumapili asubuhi nakuta 84. Kazi yote imeharibika?" Haijaharibika. Kabla ya kusema mtu apime mara ngapi, tuipigie hesabu hiyo harusi kwanza.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takribani kalori 7,700. Kuongeza kilo 1.7 za mafuta kwa usiku mmoja kunataka ziada ya kalori kama 13,000, juu ya zile ambazo mwili umeshatumia siku hiyo. Sahani iliyojaa ya pilau na nyama tuipe kalori 1,000, maana anayepakua ni shangazi wa bibi harusi. Ungehitaji sahani 13 za ziada. Hukula sahani 13.

Kilichopanda ni maji, pamoja na chakula ambacho bado kiko tumboni. Wanga wa pilau na chapati huhifadhiwa kwenye ini na misuli kama glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na maji gramu 3 hivi. Mtu aliyebana wanga wiki nzima akijaza gramu 300, mizani itaonyesha zaidi ya kilo moja bila tone la mafuta kuongezeka. Chumvi nayo ina lake: gramu 9 zinazobaki mwilini hushika karibu lita nzima ya maji hadi figo ziitoe. Rudi kwenye mlo wako wa kawaida, kunywa maji, na siku mbili tatu zitakurudisha ulipokuwa. Kwa hesabu hiyo hiyo, kilo tatu zinazopotea wiki ya kwanza ya kuacha ugali, sehemu kubwa si mafuta. Wanaouza majani ya chai ya "kukata tumbo" wanaishi kwa maji hayo: unaharisha, mizani inashuka, mafuta yako palepale.

Sasa, mara ngapi? Wengi hushauriwa kupima mara moja kwa wiki ili wasijitie presha. Ni ushauri wa huruma, ila kwa anayepunguza uzito hesabu yake ni mbovu. Mtazame mtu huyu kwa wiki mbili, Jumatatu hadi Jumapili:

Wiki ya kwanza: 84.6, 84.1, 83.9, 84.3, 83.7, 83.8, 84.5.
Wiki ya pili: 85.2, 84.4, 83.8, 83.6, 83.5, 83.3, 83.4.

Angekuwa anapima Jumatatu tu, angeona 84.6 kisha 85.2, aseme mwili umegoma, aache kila kitu. Lakini jumlisha wiki nzima ugawe kwa saba: ya kwanza ni 84.1, ya pili 83.9. Anashuka, polepole, kama gramu 240 kwa wiki. Hiyo ni pengo la kalori 260 hivi kwa siku, yaani chapati moja. Jumatatu ilimdanganya kwa sababu ya Jumapili.

Kwa hiyo pima kila asubuhi, andika, usitoe hukumu. Jumapili piga wastani, uulinganishe na wastani wa wiki iliyopita. Wastani ndio uzito wako. Namba ya siku ni kelele tu. Na usibadilishe mlo kwa wiki moja mbaya: subiri wastani wa wiki tatu usiosogea ndipo upunguze chakula. Mwanamke anayepata hedhi alinganishe wiki na wiki ileile ya mzunguko uliopita, kwa sababu siku chache kabla ya damu maji huongezeka na kufunika mafuta yaliyotoka kweli.

Upimaji wenyewe ni rahisi ila hauna mzaha. Umeamka, umekwenda haja, hujanywa hata chai, umevaa nguo ya ndani au hujavaa kitu. Nusu lita ya maji ni nusu kilo papo hapo. Jinzi na mkanda vinakaribia kilo. Ndiyo maana namba ya kijana wa mizani pale kituoni, saa kumi jioni, umevaa viatu na umeshiba, usiichanganye na ya nyumbani. Mwezi wa Ramadhani pima unapoamka kula daku, kabla ya kutia kitu mdomoni. Ukipima kabla ya kufuturu utaona umepungua sana, na sehemu kubwa itakuwa kiu.

Mizani iwekwe kwenye sakafu ngumu, miguu yote minne imegusa chini. Juu ya zulia au mkeka inasema uongo. Ukiihamisha, ikanyage mara moja, shuka, isubiri irudi sifuri, ndipo upime. Na ijaribu: chukua katoni ya chupa 12 za maji za lita moja na nusu, ambayo ni kilo 18 na kidogo ya plastiki. Jipime mwenyewe, kisha jipime umeibeba. Tofauti ikiwa 16 au 20, tafuta mizani nyingine. Zoezi hili linakwepa pia ujanja wa baadhi ya mizani za kidijitali: ukipanda mara ya pili na uzito haujabadilika sana, zinarudia namba ya mwanzo ziliyoikumbuka, nawe unadhani zina usahihi wa ajabu.

Ukishafika unapotaka, mara moja kwa wiki inatosha. Marekani kuna daftari la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka au zaidi, lililoanzishwa 1994 na Rena Wing na James Hill. Robo tatu yao hujipima angalau mara moja kwa wiki. Haithibitishi kwamba mizani ndiyo iliyowashikilia, maana waliojiandikisha ni waliofaulu, lakini inaonyesha hawakuificha uvunguni. Jiwekee mpaka, tuseme kilo 2 juu ya lengo. Ukivukwa, rudi kupima kila siku hadi ushuke.

Wapo ambao haya hayawahusu. Aliyewahi kujinyima chakula hadi kuugua, au kujitapisha, asikae na mizani chumbani. Apimwe na mtaalamu. Ukiona namba ya asubuhi ndiyo inayoamua kama utakula mchana, iache wewe pia, ushike futi ya fundi cherehani: zungusha kiunoni usawa wa kitovu, pumua nje, usibane, kila baada ya wiki mbili. Lenga kiuno kisichofika nusu ya urefu wako. Mjamzito afuate namba za kliniki.

Mgonjwa ambaye moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri anajipima kila siku kwa sababu nyingine kabisa: kuongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu ni dalili kwamba maji yanajaa, na hapo hasubiri Jumapili, anampigia daktari wake siku hiyohiyo. Na yeyote anayepungua asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia, yaani kilo 4 kwa mtu wa kilo 80, asishangilie. Aende akapimwe sukari, kifua kikuu na mengine atakayoshauriwa.